Jino Lisilouma la Mlezi Mkuu

Katika nchi yetu hakuna maumivu ya meno. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asinielewe vibaya, na ili wale wanaosoma karatasi za watu kabla hazijafika ziendako waridhike mapema, waendelee na kazi nyingine. Maumivu ya meno yalifutwa miaka tisa iliyopita, saa nne asubuhi, kwa hotuba. Mlezi Mkuu wa Taifa alisimama uwanjani akatamka, "Kuanzia leo, jino la raia wetu haliumi." Watu elfu arobaini wakapiga makofi, wakiwemo waliokuwa wameshika mashavu yao. Hao walipiga kwa mkono mmoja na paja.

Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha, vyumba vya meno vilifungwa katika hospitali zote. Madaktari wa meno walipewa vyeti vya shukrani. Wengine wakavuka mpaka, wengine wakaanza kufuga kuku. Viti vyao, makoleo yao na keekee zao za kutobolea meno vilikusanywa vikawekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kinywa, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la pamba. Hapo ndipo ninapofanya kazi. Naitwa Ngwali, nina umri wa miaka hamsini na sita, nakata tiketi mlangoni. Katika miaka yangu yote pale sijawahi kuona kitu.

Mwelezaji wa makumbusho alikuwa Bi Sikudhani. Zamani aliitwa Daktari Sikudhani, na aliyatibu meno ya mji mzima kwa miaka ishirini, lakini huwezi kuwa daktari wa ugonjwa usiokuwepo. Aliwatembeza wageni chumba kwa chumba akiwaonyesha taabu ya watu wa kale. Hapa miswaki ya miti, iliyotafunwa ncha mpaka ikawa nyuzi. Hapa chumvi na mkaa uliosagwa. Hapa picha kubwa ya mdudu mweupe aliyejikunja ndani ya gego, kwani wahenga waliamini jino huliwa na mdudu, wakawa wanamfukiza kwa moshi atoke. Hapa koleo la mhunzi, ambaye asubuhi alifua majembe na alasiri aling'oa meno, kwa koleo lile lile. Na mwisho kabisa, chumba cha nyuma, kiti chekundu cha ngozi chenye taa juu yake.

"Watu waliumwa," Bi Sikudhani alikuwa akiwaeleza. Sheria ilimruhusu wakati uliopita tu. Kusema mtu *anaumwa* jino kulikuwa kosa la miezi sita. Kusema *ataumwa* kulihesabiwa kuwa uchochezi.

*

Makumbusho yetu yalipendwa. Wizara ilishangaa jinsi wananchi walivyokuwa na kiu ya historia. Walikuja kutoka mikoani, wamejifunga kanga kichwani mpaka chini ya kidevu, kimya, macho mekundu, wakinunua tiketi bila kuuliza kitu. Mwisho wa ziara Bi Sikudhani aliuliza kama yupo anayejitolea kukaa kitini, ili wenzake waone wahenga walivyoteseka. Daima alikuwepo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufungulia kanda ya muziki wa matarumbeta. Mgeni aliyejitolea akianza kuigiza kwa sauti, niliongeza matarumbeta. Nilikuwa napenda muziki. Sikujua lolote, na nilikuwa nikitetemeka kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, kwa sababu ambazo sikuzijua vilevile.

Jumanne moja, saa tatu na robo, mgeni aliyejitolea alikuwa Mwalimu Riziki, anayefundisha hesabu darasa la nne. Gego lake la chini lilikuwa limemnyima usingizi wiki mbili. Alikaa kitini, mdomo wazi, ganzi imeshika, na Bi Sikudhani alikuwa ameshalilegeza gego nusu. Ndipo nilipoona magari meusi matano yakiingia uani.

Miguu yangu ilielewa kabla yangu. Nilikimbia hadi chumba cha nyuma nikasema, "Wamekuja."

Bi Sikudhani aligeuka mweupe kama pamba aliyoishika. Nilimwona akitazama dirisha, ambalo lina nondo. Kisha akainama sikioni mwa mgonjwa.

"Mwalimu, usitikisike. Wewe ni sanamu."

"Aah?" alisema Mwalimu Riziki.

"Sanamu ya mgonjwa wa kale. Usipepese macho. Wakikugusa, kuwa mgumu."

Kibao kilichokuwa karibu nami kiliandikwa USIGUSE. Nikamvika shingoni.

*

Aliyeingia kwanza alikuwa Waziri wa Kinywa na Tabasamu, Mheshimiwa Kiponda, mtu mwembamba ambaye kwa mujibu wa cheo chake hutabasamu wakati wote. Alitabasamu siku alipowafukuza kazi wauguzi mia mbili. Alitabasamu kwenye mazishi ya mama yake. Nyuma yake walikuwa askari sita, nao hawakutabasamu.

Alizunguka kiti mara mbili.

"Sanamu hii ni mpya?"

"Ya mwaka jana, Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani.

"Inatoka jasho."

"Ni nta, Mheshimiwa. Nta na joto."

Waziri aliinama mpaka pua yake ikakaribia pua ya Mwalimu. Alikaa hivyo muda ambao mimi niliutumia kuwaaga watoto wangu mmoja mmoja moyoni, nao ni saba.

"Imetengenezwa vizuri sana," alisema hatimaye. "Inaogopa kweli kweli."

"Watu wa kale waliogopa mno, Mheshimiwa."

"Naam. Sisi wa sasa hatuogopi."

Sote tulikubali haraka sana, na askari pia.

"Iondoeni," akasema Waziri. "Kiti kinahitajika."

Askari wawili walimnyanyua Mwalimu Riziki akiwa amekunja magoti vilevile kama alivyokaa. Wakamtua ukutani, chini ya picha ya mdudu, akabaki ameketi juu ya hewa, mgongo umeegemea ukuta, pamba yenye damu mdomoni. Mapaja yake yalitikisika. Nikasogea nikasimama mbele yake kama mtu anayependa kusimama pale.

Milango ikafungwa. Matarumbeta yakazimwa. Kisha akaingia Mlezi Mkuu.

Nilikuwa nimemwona kwenye sarafu, kwenye kuta, kwenye madaftari ya watoto na kwenye cheti changu cha ndoa. Hakuna picha iliyomwonyesha na shavu la kulia lililovimba kama embe dodo, wala iliyoonyesha kwamba ni mfupi. Alikuwa amefungwa kitambaa cha hariri kuanzia utosini hadi kidevuni, kama wageni wetu wa mikoani. Alipanda kitini taratibu. Jicho lake la kulia lilikuwa linatoa machozi, na hakuna aliyethubutu kuliona.

Askari mmoja alisimama nyuma ya Bi Sikudhani akaweka mdomo wa bunduki kisogoni mwake.

"Huyu ana maelekezo," Waziri alifafanua, akitabasamu. "Mtukufu akipiga kelele, naye atapiga. Endelea na kazi yako, mama. Bila wasiwasi."

*

Bi Sikudhani alisogea kitini.

"Mtukufu," alianza, "Mtukufu anau…"

Bunduki ilisogea.

"Mtukufu *haumwi*," akasema haraka.

"Hatuumwi," alisema Mlezi Mkuu, na sauti yake ilitoka upande mmoja tu wa mdomo.

"Ndiyo, Mtukufu. Haumwi wapi?"

Waziri alimtazama Mlezi Mkuu, Mlezi Mkuu akatazama taa. Kisha akanyanyua kidole kidogo akaelekeza nyuma, chini, kulia.

"Hapa ndipo tusipoumwa."

"Tangu lini haumwi?"

"Siku kumi na moja hatuumwi. Tukinywa chai ya moto, hatuumwi sana. Tukilala hatuumwi hata kidogo, mpaka tunaamka tunazunguka chumbani." Na machozi yakamtoka na jicho la pili. "Mwanangu, hatujawahi kutoumwa namna hii tangu tuzaliwe."

Bi Sikudhani alimulika ndani ya kinywa. Nilimwona akisahau bunduki kwa muda mfupi, akawa daktari. Kisha akakumbuka, mabega yakapanda tena.

"Lingezibwa mapema lingepona," alisema. "Sasa limeoza mpaka mzizini, kuna usaha. Lazima litoke. Nitatia sindano ya ganzi."

"Sindano!" Waziri akaruka. "Tutajuaje ni ganzi? Jaribu kwanza kwa huyu hapa."

Huyu hapa nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nilifungua kinywa nikadungwa sindano kwenye ufizi, mtu mzima mwenye meno yake yote salama. Tukasubiri kuona kama nitakufa. Waziri alishika saa yake. Mdomo wangu wa chini ukaanza kuondoka, kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kwenye mkutano bila kuaga. Nikaulizwa kama nahisi kitu. Nilitaka kusema, "Sihisi kitu, Mheshimiwa, nashukuru," kikatoka kitu kingine, na udenda ukanitiririka hadi kwenye sare. Wakaridhika. Mlezi Mkuu akadungwa yake.

Usaha hupinga ganzi. Hilo nililijua baadaye. Bi Sikudhani alilijua pale pale. Nilimwona akitia sindano ya pili, akasubiri, akashika koleo, na midomo yake ikicheza bila sauti, na nina hakika haikuwa hotuba ya Mlezi Mkuu aliyokuwa akiisoma. Aliingiza koleo. Akalitikisa jino huku, akalitikisa kule. Taratibu, kama anayemtoa mwiba mtoto. Nyuma yangu nilisikia Mwalimu Riziki akihema kwa pua, na kucha zake zimenishika mgongoni ili asianguke. Kidole cha askari kilikuwa kwenye chuma cha kufyatulia. Jasho la Bi Sikudhani lilidondokea kwenye nishani za Mlezi Mkuu.

Ukasikika mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjika.

Mlezi Mkuu alifungua macho makubwa, akavuta pumzi ya kupigia yowe, na yowe lenyewe likapotea njiani. Akasema, polepole, "Mama."

Askari alimtazama Waziri ili ajue kama hiyo ni kelele.

"Mtukufu amelihutubia taifa," alisema Waziri, akaandika kwenye daftari lake.

Bunduki ikashuka. Bi Sikudhani naye akashuka, akakaa sakafuni kama mzigo uliokatika kamba.

*

Tungeachiwa hapo, labda. Lakini Mlezi Mkuu alikuwa amepata nafuu, na mtu wa cheo kile akipata nafuu huanza kufikiri. Alipitisha ulimi kwenye pengo. Akaupitisha tena.

"Tumebaki na mangapi?"

"Thelathini na moja, Mtukufu," alisema Bi Sikudhani kutoka sakafuni.

"Na wananchi wana mangapi?"

Niliona Bi Sikudhani akilitambua shimo lililokuwa mbele yake, na kwamba halina pembeni pa kupita.

"Wengi wamepungukiwa, Mtukufu. Wazee, masikini…"

"Mzima. Mwananchi mzima, ana mangapi?"

"Thelathini na mawili."

Mlezi Mkuu alimgeukia Waziri. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kuumia, safari hii kweli, kama mzazi aliyekuta wanawe wamekula bila yeye.

"Wametuzidi," alisema.

Agizo liliandikwa pale pale, juu ya kabati la vioo lenye miswaki ya kale, na kutiwa saini kabla ganzi haijatoka kwenye mdomo wa Mlezi wala kwenye wangu. Lilisema kwamba utafiti wa kihistoria umethibitisha kuwa binadamu, tangu kuumbwa, ana meno thelathini na moja. Jino la ziada limetokana na uzembe na ulafi. Litaondolewa kwa kila raia ndani ya siku tisini, bila malipo. Mwenye kukutwa nalo baada ya hapo atahesabiwa kuwa anamzidi Mlezi Mkuu kwa makusudi.

Jino lenyewe lilibaki kwenye sinia. Waziri alilifunika kwa leso bila kulitazama.

"Hili si jino," alitufahamisha.

"Ni nini, Mheshimiwa?" aliuliza askari.

"Bado sijaelezwa."

Akalitia mfukoni. Mlangoni akageuka, akamnyooshea kidole Mwalimu Riziki.

"Sanamu hiyo nayo. Hakikisheni ina thelathini na moja."

*

Magari yalipoondoka, Mwalimu Riziki alianguka chini kifudifudi akalia bila sauti, magoti yake yakiwa bado yamekunjika. Tulimnyoosha kwa shida. Gego lake lilikuwa linaning'inia, na ganzi yake ilikuwa imekwisha zamani.

Bi Sikudhani alichukua koleo, likamponyoka. Akalichukua tena. Likamponyoka tena.

"Siwezi," alisema. "Kaka Ngwali, njoo."

"Mimi nafungulia muziki tu," nilisema, au nilijaribu kusema.

"Miaka yote hii ulikuwa unachungulia kupitia upenyo wa mlango. Unadhani sikukuona? Njoo. Shika hapa, karibu na ufizi, usishike juu litavunjika. Sasa usivute. Watu wote hudhani ni kuvuta. Sukuma chini kwanza. Huku, kule. Lenyewe litakuambia."

Lilinieleza. Lilitoka mkononi mwangu, lote, na mizizi yake miwili. Mwalimu Riziki alinishika mkono akaubusu hivyo hivyo na damu, nikaenda nje kutapika nyuma ya tangi la maji.

Nilipata siku nne tu za kufundishwa. Siku zile Bi Sikudhani alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Wenye meno mabovu aling'oa mabovu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa walitoka mlango wa mbele, kwa amri ya serikali. Wenye meno mazima aliwatia pamba iliyochovywa kwenye maji mekundu ya maua ya choya, akawapa cheti chenye muhuri, akawaambia walie mpaka wafike nyumbani. Walilia vizuri. Hawakuhitaji kujilazimisha.

"Wakija kuhesabu je?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Usiniulize hilo tena, kaka Ngwali. Naogopa kama wewe."

Siku ya tano, saa sita mchana, walimfuata. Ikulu ilikuwa imeamua kwamba kinywa cha Mlezi Mkuu kisiwe mbali na mkono wake. Atapewa chumba, chakula, na mlinzi wa kudumu nyuma ya kisogo. Aliruhusiwa kubeba kikapu kimoja. Aliacha koleo moja, lile dogo, juu ya meza yangu ya tiketi, pamoja na bunda la vyeti vilivyopigwa muhuri, vitupu. Hakuniaga. Alipita mbele yangu akasema kwa sauti kubwa, ili wasikie, "Bwana Ngwali, vifaa vya maonyesho vifutwe vumbi kila siku." Tangu hapo sijamwona. Nasikia kwamba bado yu hai, kwa sababu Mlezi Mkuu hajapiga kelele.

*

Baada yake vikaundwa Vikosi vya Thelathini na Moja. Kwa kuwa hapakuwa na madaktari, walichukuliwa mafundi magari, waangua nazi na wanajeshi wastaafu. Waliingia mtaa kwa mtaa na spana. Mtaa wa nyuma yetu walimng'oa mtu taya. Siku hizi watu huongea wamefumba midomo, na wanawake wakicheka hugeukia ukutani. Watoto wanaota meno wanafichwa ndani kama mbuzi wa wizi.

Mimi najaza vyeti. Nakiri hapa kwa kuwa nimeshachoka kutoona. Najaza majina, thelathini na moja, thelathini na moja, mpaka mkono unakufa.

Wahesabuji wa Vikosi hivyo walifika makumbusho jana, Jumatatu, saa nne. Waliotangulia walikagua vyumba vya mbele. Aliyeingia chumba cha nyuma, nilikokuwa nafuta vumbi, alikuwa koplo mmoja mnene, wa umri wangu, ana tochi na kijiti cha kuhesabia. Akafunga mlango kwa kisigino.

"Fungua."

Nilifungua. Mimi nina meno thelathini na mawili. Nimeyahesabu kwa ulimi kila asubuhi tangu agizo litoke, nikiomba nikosee. Alihesabu kwa kugusa, moja moja, akipumua kwa shida. Ishirini na nane. Thelathini. Thelathini na moja. Kijiti kikagusa la mwisho, kikasimama juu yake.

Hakukiondoa. Tulitazamana. Ndipo nilipoona kwamba upande mmoja wa kofia yake umevutwa chini sana, na kwamba shavu lililo chini yake linang'aa, jekundu, limevimba hadi karibu na jicho.

"Mzee mwenzangu," alinong'ona, "nimesikia hapa palikuwa na mama mmoja."

"Ameondoka," nikasema.

"Siku ya sita leo. Jana nilitaka kujipiga risasi." Sauti ilimkatika. "Hao wenzangu wana spana. Nimewaona wanavyofanya. Mimi mwenyewe nimefanya. Nisaidie, kaka."

Nje nilisikia wenzake wakicheka mbele ya picha ya mdudu. Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba mimi nakata tiketi. Ni kweli nakata tiketi. Nilikwenda nikafungulia matarumbeta, sauti mpaka mwisho. Nikawasha taa ya juu ya kiti. Koleo dogo lilikuwa kwenye droo, limefutwa vumbi. Sindano za ganzi hazikuwepo, nikampa mafuta ya karafuu, nikampa mkanda wake mwenyewe auume upande wa pili.

Alipanda kitini akaweka bunduki mapajani.

"Lipi?" nikauliza.

Akaonyesha. Kidole chake kilikuwa kinatetemeka kuliko koleo langu, na hilo lilinisaidia kidogo. Nikashika karibu na ufizi, nikasukuma chini kwanza.